Winchi Yangu na Swichi ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi. Manyunyu alfajiri, kisha mawingu mazito. Upepo mdogo.

Habari kubwa! Kiwanda cha matofali kinatafuta gari la kuvuta, litakalokaa kwenye mlima wao msimu wote wa mvua. Lori lao hupakia matofali mabichi mabandani kule chini, hupanda mlima kuelekea kwenye tanuri, na mvua ikinyesha hukwama katikati kama mfupa kooni. Meneja wao amepita gereji yetu asubuhi kututangazia. Jaribio ni Jumamosi. Yameitwa magari mawili tu: pikapu yangu na pikapu ya Wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu. Alianza kazi ya kuvuta magari mwaka jana, mara baada ya kuniona mimi nikiifanya. Anasema wazo lilimjia ndotoni. Ndoto gani hiyo inayoonyesha mpaka rangi ya pikapu ya mwenzio!

Mume wangu amesema, huku akikaza nati na bila kuniangalia, kwamba nikiikosa kazi hii winchi itashushwa garini. Mchimba visima ameiulizia muda mrefu. Mimi nitarudi kaunta kuuza boliti. Nilikaa kaunta ile miaka sita. Kwenye mbao kuna shimo la kiwiko changu. Sirudi.

Nieleze hali ilivyo, kwa utaratibu. Winchi yangu ni mota ya umeme iliyofungwa mbele ya pikapu, juu ya bampa. Ina ngoma inayozunguka, ngoma ina waya wa chuma, waya una ndoano. Inatumia betri ya gari, volti kumi na mbili. Kasi zake ni mbili: imesimama na inakwenda. Hakuna katikati. Inapoanza, gari linalovutwa hushtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

Ya Wifi ina swichi ya kuzungusha, yenye namba kuanzia sifuri hadi sita! Mwezi uliopita alitoa basi dogo mtaroni taratibu mno, abiria mmoja alikuwa amelala na hakuamka. Nilikuwepo. Nilimpigia honi yule abiria. Bado hakuamka.

Mama mkwe, ambaye anaishi kwetu na ni mama wa Wifi pia, nimemuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa televisheni yake, nisimame pembeni.

Lengo la wiki: kujua siri ya swichi ile. Nimeanza vizuri. Nimenoa penseli.

Jumanne, 4 Machi. Jua kali tangu asubuhi. Matope yameanza kukauka.

Upelelezi. Nimekwenda kwa Wifi na chekecheke mkononi, nikasema nimekuja kumrudishia. Wifi akaligeuza, akalitazama, akasema chekecheke hilo ni langu mimi, yeye ndiye aliyeliazima kwangu na ameshanirudishia. Sikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo. Nikamjibu kwamba najua, nimelileta ili likae kwake kidogo, libadilishe hewa. Akaingia ndani kuchemsha chai.

Nikapata nafasi. Nikajitupa chini ya bampa la pikapu yake. Nimekagua mota (kama yangu), ngoma (kama yangu), waya wa chuma (msafi kuliko wangu, lakini usafi si nguvu). Ile swichi imekaa juu ya kisanduku cha umeme, nyeusi, yenye namba nyeupe. Sikuona hata waya mmoja unaotoka kwenye swichi. Hii ni teknolojia ya juu kabisa: waya umefichwa.

Nikaona miguu ya Wifi imesimama karibu na kichwa changu. Akauliza kuna nini huko chini, wifi yangu. Nikasema hereni yangu imedondoka. Akauliza ya sikio lipi, maana anaziona zote mbili zinaning'inia. Nikasema hii ni ya akiba.

Chai ilikuwa nzuri, hilo siwezi kumnyima. Alipokuwa ananisindikiza akaishika ile swichi, akaizungusha mbele ya macho yangu, ka, ka, ka, mpaka sita, akasema siri yote ndiyo hii, wifi, volti zinamtii anayejua kuziongoza. Akacheka. Anacheka kwa pua, kama kaka yake.

Nimerudi nyumbani bila chekecheke. Lakini nimerudi na neno moja: volti. Zikiwa chache, mota inakwenda polepole. Zikiwa nyingi, inakwenda mbio. Ni suala la kuzipunguza tu. Kulala mapema.

Jumatano, 5 Machi. Mawingu, joto, hakuna hata jani linalotikisika.

Nilisoma sekondari. Sisemi hivi kwa kujisifu, ila kwa sababu leo elimu hiyo imetumika. Mwalimu wa fizikia alifundisha kwamba waya mrefu mwembamba huuzuia umeme, na volti hupungua njiani. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani ule. Au kwenye mtihani uliofuata, wa maarifa ya nyumbani.

Nilihitaji waya mrefu mwembamba. Waya wa pasi ni mrefu. Waya wa pasi ni mwembamba. Pasi haikuwa na kazi kwa wakati huo.

Nikaunganisha: betri, waya wa pasi, winchi. Nikafunga ndoano kwenye kile kigari kisicho na injini kilichokaa nyuma ya gereji. Nikabonyeza. Ah! Kikaja kwa madaha, kikisita, kikinesa, kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikafikiria nitamwambia nini Wifi siku ya Jumamosi. Niliamua nitasema pole tu, kwa sauti ya chini.

Nilikuwa bado natafuta sauti yenyewe pale niliposikia harufu. Ngozi ya waya wa pasi ilikuwa inachuruzika chini kama uji. Kisha moshi. Kisha moshi mwingine, wa rangi nyingine. Mama mkwe akafungua dirisha, akauliza kama ninafukiza mbu, kwa sababu kama ni mbu basi wameshakufa wote, na kuku wawili wako njiani. Mume wangu alikuja na ndoo ya mchanga, akazima, akasimama akitazama ule waya uliobaki. Akauliza pasi iko wapi. Nikamwambia pasi ipo, pasi yenyewe haina tatizo lolote.

Mchana alikwenda kwenye kikao cha wenye gereji na shati lililokunjamana kama karatasi iliyotolewa kwenye pipa. Alipokuwa anatoka amenikumbusha kwamba mchimba visima atapita Jumapili.

Nimekaa nikafikiri. Kosa langu halikuwa kwenye kazi. Kosa langu lilikuwa kwenye mwelekeo. Nilikuwa napunguza! Anayepunguza anajichosha. Mwenye volti nyingi anaweza kwenda mbio akitaka, na akitaka taratibu anabonyeza kidogo tu na kuachia. Mwenye volti chache atachagua nini? Kesho naongeza.

Alhamisi, 6 Machi. Mvua fupi alfajiri, halafu jua. Upinde wa mvua juu ya choo cha jirani.

Betri mbili zikifungwa kwa kufuatana, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, zinakuwa volti ishirini na nne. Hili linajulikana na kila mtu. Ajabu ni kwamba hakuna anayelitumia.

Betri ya kwanza ni ya pikapu. Betri ya pili ni ya televisheni ya Mama mkwe, ile inayojazwa na paneli ya juu ya paa. Nilikwenda kumwomba. Alikuwa kwenye kiti chake, macho ameyafumba. Niliomba kwa heshima zote, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua. Hakukataa.

Kwenye mota kuna kibati kidogo kilichoandikwa "V 12". Nimekisoma. Nimekitafakari. Mtu akiandikwa mlangoni kwamba anaitwa fundi viatu, je, hawezi kushona mkoba?

Jaribio: waya wa chuma umevutwa mpaka langoni, ndoano haijafungwa popote. Nikabonyeza. Mama yangu! Ndoano ilikuja kama imeitwa na mzazi mkali. Ilipita na beseni. Ilipita na kamba ya kuanikia pamoja na shuka mbili na soksi za mume wangu. Ikafika kwenye bampa, pa! Kibao cha namba kikakunjwa katikati. Sasa pikapu yangu inasomeka nusu.

Nilitetemeka. Si kwa woga. Kwa furaha, na kidogo kwa woga.

Jioni kulikuwa na tatizo dogo. Televisheni ya Mama mkwe haikuwaka, na leo ndio ilikuwa siku ya kufichuliwa yule pacha mwovu kwenye tamthilia yake. Nikamwambia betri inapumzika. Akauliza betri inachoka na nini, wakati anayekaa kutazama ni yeye. Ikabidi nikae miguuni pake nimsimulie sehemu ya leo kutoka kichwani mwangu. Nilijitahidi sana. Nilitia harusi, nikatia ajali ya lifti, nikamuua pacha. Mama mkwe akasema nimemuua yule mwema, na kwamba hata kwenye hadithi ya kubuni naharibu mali ya watu.

Ijumaa, 7 Machi. Mawingu ya kijivu yamekaa chini. Mafundi wanasema kesho itanyesha.

Fundi umeme amekuja kutengeneza taa ya gereji. Ana cheti chenye fremu na hupenda kuulizwa, hivyo nikamuuliza, kwa kupitapita, mambo yangekuwaje kama mtu fulani, tuseme wa mji mwingine, angeweka volti ishirini na nne kwenye winchi ya kumi na mbili.

Akavuta stuli. Alisema mengi. Alisema kasi ingeongezeka karibu mara mbili. Alisema pia kwamba ikipewa mzigo mota ingechemka kama sufuria, na kwamba ndani ya kisanduku kuna swichi kubwa ya umeme ambayo vyuma vyake vinaweza kuyeyuka na kushikana, na vikishikana winchi haisikii tena kitufe wala haisikii tena mtu. Alisema hapo mtu huyo wa mji mwingine angetamani asingezaliwa. Nimeandika kwenye karatasi ya maandalizi: "Kasi mara mbili. Imethibitishwa na mtaalamu."

Akaendelea, maana akianza hamalizi. Akasema watu wanasumbuka na volti bure. Ngoma ikiwa na waya mwingi, winchi inavuta haraka lakini kwa nguvu kidogo. Ukiufungua waya karibu wote, inavuta polepole na kwa nguvu zaidi. Na ukiupitisha waya kwenye kapi, lile gurudumu lenye mfereji, kasi inagawanyika nusu na nguvu inaongezeka maradufu, umeme ukiwa uleule. Akasema anayo kapi nzuri nyumbani, ya chuma, kama naihitaji kesho.

Nikamshukuru. Nikamwambia kapi ni ya watu wasio na volti.

Akasema sawa. Akasema basi ataipeleka kwa wifi yangu, ambaye alimwomba tangu Jumanne. Nilicheka sana. Swichi ya namba sita, na bado anaazima kapi! Maskini.

Mume wangu ameuliza mara tatu kama nina uhakika. Mara ya tatu nilimjibu kwa kukunja mikono ya shati. Akasema shati hilo ni lake na halijapigwa pasi.

Jumamosi, 8 Machi. Mvua tangu kabla ya mapambazuko, ya kunyesha bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima.

Nitaandika yote. Nilijiahidi kwamba shajara hii itakuwa ya ukweli, hata pale inapouma.

Lori lilikuwa limekwama katikati ya mlima, limejaa matofali mabichi. Meneja, mwenye mwavuli, alitueleza sharti moja tu. Matofali mabichi hayavumilii mtikisiko; yakishtuliwa yanapasuka, na tofali lililopasuka ni udongo tu kama udongo mwingine. Hataki kasi, alisema. Anataka upole. Dereva wa lori, mzee ambaye wote wanamwita Mzee Taratibu, akachukua kikombe chake cha chai, kimejaa mpaka ukingoni, akakiweka juu ya dashibodi. Akasema hakimu wake ni huyo hapo.

Nilisikia neno upole. Nakiri nililisikia. Lakini betri mbili zilikuwa tayari zimefungwa, moja mbele na moja nyuma kwenye karai, na mtu hawezi kuanza kufungua nyaya mbele ya wifi yake.

Nilianza mimi, kwa sababu mimi ndiye mkongwe kwenye kazi. Pikapu juu ya mlima, imetazama chini. Breki ya mkono: nimevuta. Mawe ya kuzuia magurudumu: Wifi alinikumbusha, nikamwambia asante, breki yangu ni mpya. Nikafunga ndoano kwenye lori. Nikachukua kile kidude cha vitufe cha kuendeshea winchi, chenye waya mrefu, nikasimama pembeni kwa pozi. Mpango: kugusa na kuachia. Gusa, achia. Kama mtu anayeonja chumvi.

Niligusa.

Nikaachia. Winchi haikuachia.

Lori liliruka. Ndani ya kioo nilimwona Mzee Taratibu na chai yake wakielekea pande mbili tofauti. Matofali yalilia, ka-ka-ka-ka, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikabonyeza kuzima. Hakuna. Nikabonyeza kuachia. Hakuna. Nikabonyeza vyote viwili kwa dole gumba na meno. Halafu lori likazama tena kwenye matope, likagoma kabisa, na kwa kuwa winchi haikuwa na habari ya kugoma, ilianza kuivuta pikapu yangu mwenyewe kushuka kulifuata lori.

Pikapu ilinipita. Nilikuwa bado nimeshika kile kidude chenye waya, kwa hiyo nilikwenda nayo. Nilikimbia ubavuni mwake mlima mzima nikiisihi. Niliiita kwa majina ya upole. Niliiita kwa majina mengine. Kiatu cha kushoto kilibaki njiani. Pikapu na lori vikakutana uso kwa uso, bampa kwa bampa, na bado winchi ikaendelea kukaza, vyuma vikiugulia, moshi ukitoka kwenye mota kama jiko la kuni mbichi.

Nilisimama tu. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu volti, na sikujua la kufanya.

Wifi ndiye aliyekuja mbio. Aliruka nyuma ya pikapu, akafungua kilemba chake, akakizungushia mkononi, akaung'oa ule waya unaounganisha betri. Cheche moja kubwa. Kisha kimya. Mvua tu.

Mzee Taratibu alishuka na chai kifuani. Akauliza kwa adabu kama nimemaliza.

Ikaja zamu ya Wifi, na sasa mzigo wake ulikuwa magari mawili, kwa sababu langu lilikuwa limeng'ang'ania lori kama kupe na halikubanduka. Alipaki pikapu yake juu. Aliweka mawe mbele ya magurudumu. Alifungua waya karibu wote kwenye ngoma, akaupitisha kwenye ile kapi ya chuma iliyofungwa kwenye pikapu yangu, akaurudisha kwenye nguzo ya zege iliyopo kule juu. Mzee Taratibu akamimina chai nyingine. Wifi akaanza.

Vilipanda. Taratibu, bila mshtuko, kimoja nyuma ya kingine, kama wazee wanaotoka kusalimia. Niliitazama ile chai njia nzima. Niliiombea imwagike. Hata tone!

Jambo moja nililiona. Hakuigusa ile swichi. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha kawaida, akigusa na kuachia, akigusa na kuachia, na swichi ilibaki kwenye sifuri mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo sifuri ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nimeiandika hii kwa matumizi ya baadaye.

Pale karibu na kilele pikapu yake ilianza kuteleza na mawe yake yote. Meneja na watu wa tanuri wakaidandia nyuma kuongeza uzito. Nami nilidandia. Sijui kwa nini. Nilikuwa na kiatu kimoja.

Kazi amepewa Wifi. Hakucheka kwa pua. Ingekuwa afadhali angecheka.

Jumapili, 9 Machi. Mawingu yanapasuka, jua dhaifu. Kimya.

Asubuhi nimekwenda kaunta. Sikufungua, nimeketi tu. Kiwiko kimeingia kwenye lile shimo chenyewe.

Nimemrudishia Mama mkwe betri yake. Ameiweka chini ya kiti na kukanyaga juu yake, mguu wa kulia, na hajautoa hadi ninapoandika haya.

Mchana mchimba visima amefika. Mume wangu alikuwa ameshatayarisha spana. Mchimba visima akainama mbele ya winchi, akainusa, akanyooka, akauliza marehemu alikufa lini. Mume wangu akasema nyaya za mota zinaweza kusukwa upya. Mchimba visima akasema hata yeye anaweza kusukwa upya, lakini si kwa winchi hii. Akaondoka. Mume wangu akajaribu kuishusha hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameshaahidi, na mwanamume akishashika spana ni vigumu kuiweka chini. Haikutoka. Bampa limejikunja likaikumbatia. Boliti zote nne zimepinda.

Kwa hiyo winchi ipo palepale ilipokuwa! Imeungua, imebanwa, haina soko, na iko kwenye pikapu yangu. Sikuonyesha furaha. Nilikwenda kuionyesha nyuma ya gereji.

Alasiri Wifi amekuja, na Meneja nyuma yake. Nikajua wanadai matofali. La. Meneja akasema pikapu ya Wifi ni nyepesi, jana nusura iende na mlima. Anataka gari la pili lifungwe nyuma yake kule juu, liwe nanga. Kazi ya gari hilo ni kukaa. Akasema angechukua gari lolote, ila Wifi amegoma. Amesema ama awe wifi yake, ama Meneja atafute mwingine wa kuvuta.

Mume wangu akakohoa. Mama mkwe akasema kutoka dirishani kwamba kukaa naweza, ameniona kaunta.

Nikakubali kwa heshima. Nikasema nitaangalia ratiba.

Meneja alipoondoka, tuliketi na Wifi kwenye ngazi ya gereji. Akanirudishia chekecheke. Ndani yake kulikuwa na ile swichi. Akasema niichukue, haina kazi. Akasema aliing'oa kwenye jiko la umeme lililoungua, akaibandika kwa gundi siku ile aliyoanza kazi, kwa sababu wateja wote walikuwa wakimuuliza kwa nini wasije kwangu, mwenye uzoefu. Wakiona namba, akasema, wanatulia. Kuvuta taratibu ni kidole tu, na kapi, na kuunguza swichi kubwa za kisandukuni. Yeye ameshabadilisha tatu. Akasema alikuwa ananiogopa. Bado ananiogopa, akasema, ila sasa ni kwa sababu nyingine.

Tulicheka mpaka mume wangu akatoka kuangalia kama kuna aliyeumia. Wote watatu tukacheka kwa pua. Nimeolewa humu muda mrefu.

Leo nitalala vizuri kuliko siku zote za wiki hii.

Jumatatu, 10 Machi. Mvua nzuri, ya kupanda na kushuka. Barabara ya kiwandani ni utelezi mtupu.

Siku ya kwanza ya kazi. Nimefungwa nyuma ya Wifi kwa mnyororo. Nimekanyaga breki tangu asubuhi mpaka jioni, mawe yamewekwa kwenye magurudumu yote manne, na mengine mawili Wifi ameweka kwa ajili yangu binafsi. Lori limepanda salama kila mara. Mzee Taratibu amepita na chai yake, ameniinulia kikombe. Meneja amesema sijawahi kuwa na manufaa kama leo. Nimekubaliana naye.

Mtu mwingine angetosheka.

Ila anayekaa anafikiri. Nimeitazama ile swichi mchana kutwa, ipo juu ya dashibodi yangu. Wifi anasema haina kazi. Lakini nimemjua Wifi siku nyingi, na mtu hawezi kubandika namba kuanzia sifuri hadi sita kwa sababu ya wateja tu. Kitu chenye namba kina mpango wake. Tatizo hakijawahi kuunganishwa!

Fundi umeme anasema mota yangu itasukwa kwa wiki moja. Nyaya nene ninazo. Betri ya pikapu, moja. Betri ya Mama mkwe, mbili. Usiku mguu wake hulegea. Betri ya tatu ni ya Wifi mwenyewe. Iko mbele yangu kila siku, na yeye huwa anatazama lori. Volti thelathini na sita! Thelathini na sita kugawanya kwa sita ni sita. Volti sita kwa kila namba. Haiwezekani hesabu itoke sawasawa hivi kwa bahati. Kila mtu atavutwa kwa upole anaoutaka yeye mwenyewe, na kapi tutaitumia kuzuia mlango.

Nimezima taa saa nne na robo. Nimeiwasha tena kuandika kwamba betri nne ni volti arobaini na nane, yaani nane kwa kila namba, na nane pia haina masazo. Nalala sasa, saa sita na dakika tano.